Nimelifundishia tufe lenye pete ya saa: maoni yangu

Nafundisha jiografia, na mada ninayoipenda kuliko zote ni hii ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa: kanda za saa duniani. Kukariri ni kazi nyepesi. Digrii 360 gawanya kwa saa 24, unapata digrii 15 kwa saa. Digrii 1 ni dakika 4. Ukienda mashariki jumlisha, ukienda magharibi toa. Mwanafunzi atapata swali la mtihani bila shida. Muulize kwa nini mashariki ni kujumlisha, atabaki anakutazama. Ndiyo sababu nilitafuta tufe la dunia lenye pete ya saa kwenye ncha ya kaskazini, na sasa nimelitumia kwa madarasa ya kutosha kuweza kulisemea.

Lina kipenyo cha sentimita 30. Limeinamishwa nyuzi 23.5 kama inavyotakiwa, na kitako chake ni kizito, hakiyumbi hata wanafunzi wanapolizungusha kwa pupa. Juu, pale mhimili unapotokeza, kuna pete ya plastiki iliyoandikwa namba 1 hadi 24. Namba 12 ndiyo saa 6 mchana, namba 24 ndiyo saa 6 usiku. Pete haikugandishwa. Unaweza kuisogeza peke yake kwa kidole, na ukiiachia inazunguka pamoja na tufe. Basi, ni hayo tu: hakuna betri, hakuna taa ya ndani, hakuna sauti.

Jambo la kwanza ambalo wanafunzi huligundua, tena kabla sijafungua mdomo, ni kwamba namba za pete zinakwenda kinyume na za saa ya ukutani. Kuna wanaodhani kiwanda kimekosea. Mwalimu mwenzangu, usilipite swali hilo haraka haraka, maana ndimo somo lilimo. Mwambie aliyeuliza asimame, alitazame tufe kutoka juu ya ncha ya kaskazini, kisha alizungushe kutoka magharibi kwenda mashariki kama dunia yenyewe inavyojizungusha. Ataona linakwenda kinyume na mishale ya saa. Mahali palipo mashariki huliwahi jua, kwa hiyo siku ya huko imesonga mbele zaidi, na namba hazina budi kuongezeka kuelekea huko. Kanuni ya kujumlisha imepatikana bila mtu kuiandika ubaoni. Kwa dakika hizo chache peke yake, mimi naona tufe hili limeshaipita kwa mbali ramani bapa ya ukutani, ile yenye mistari ya rangi rangi iliyosimama wima. Ramani ile inamwonyesha mwanafunzi jibu tu.

Kijitabu kilichomo kwenye boksi kinaeleza matumizi ya pete kwa sentensi mbili, na kimeliacha jambo kubwa kuliko yote. Pete hii inajibu maswali mawili tofauti, kutegemea unavyoishika. Ukiweka namba 12 kwenye longitudo 0 kisha ukaiacha ishikamane na tufe, umeusimamisha muda. Unaisoma dunia nzima katika dakika ileile moja: Greenwich, penye hiyo longitudo 0, ni saa 6 mchana, digrii 90 mashariki ni saa 12 jioni, digrii 90 magharibi ni saa 12 asubuhi, na upande wa pili kabisa, digrii 180, ni saa 6 usiku. Lakini ukiizuia pete kwa kidole isisogee, namba 12 ikiwa imeelekea jua, na tufe likazunguka chini yake, unachokiona sasa ni siku nzima inavyompitia mtu aliyesimama mahali pamoja. Wanafunzi wangu wanaokwama kwenye kanda za saa, wengi wao wamechanganya haya mawili. Anaulizwa Tokyo ni saa ngapi sasa hivi, na kichwani mwake dunia bado inazunguka. Mfundishe kwanza kuisimamisha.

Bila tochi, nusu ya thamani ya kifaa hiki inapotea. Nafunga mapazia, naweka tochi yenye mwanga mpana kwenye meza ya pili, kama mita 2 hivi kutoka kwenye tufe, usawa wa ikweta. Naugeuza mhimili uiname pembeni, usiielekee tochi wala kuikimbia. Mwanafunzi mmoja anabandika kibandiko chekundu kwenye mji wowote anaoutaka, mwingine anaizuia pete, wa tatu anazungusha taratibu. Wengine wote wanasimama nyuma ya tochi. Kibandiko kinatokea gizani upande wa kushoto, na pete inasoma 6. Macheo. Kinapanda hadi katikati ya mwanga, 12. Kinateremka upande wa kulia na kuzama kivulini kwenye 18. Hapo huwa nanyamaza kabisa. Kuna anayesema kwa sauti, "Kumbe jua halijasogea!" na ninamwacha alirudie neno hilo kwa wenzake, kwa sababu jambo hilo wameambiwa tangu wakiwa wadogo na leo ndiyo wanaliona kwa macho.

Halafu nageuza kitako ili ncha ya kaskazini iikimbie tochi, yaani Desemba, na nabandika vibandiko viwili: Stockholm na Cape Town. Miji hii miwili iko karibu kabisa na longitudo ya 18 mashariki. Tufe likizunguka, yote miwili inafika kwenye 12 kwa pamoja. Lakini Cape Town imetoka gizani mapema sana na itachelewa kuzama, wakati Stockholm imechungulia mwanga kidogo na kurudi kivulini. Urefu wa mchana unatofautiana na saa 6 mchana ya jua ni ileile. Nimeona wanafunzi waliodhani kwamba kwenda kaskazini au kusini nako kunabadilisha saa. Zoezi hili linalimaliza jambo hilo bila mabishano.

Kwa kufundisha chanzo cha saa kutofautiana, basi, sijaona kifaa kingine kinachokikaribia.

Tatizo ni kwamba pete inasoma jua. Watu wanaishi kwa sheria. Na kijitabu hakimwambii mnunuzi tofauti hiyo hata kidogo. Kinasema dunia ina kanda 24 zenye digrii 15 kila moja, kana kwamba imekatwa kwa kisu. Mwalimu asiyejua akikifuata kijitabu atafundisha kitu ambacho simu ya mwanafunzi itakipinga jioni hiyohiyo.

Mimi nimeligeuza pengo hilo kuwa kipindi cha pili. Darasa linaweka 12 kwenye Greenwich na kusoma pete, kisha tunalinganisha na saa rasmi. Tokyo, karibu na digrii 140 mashariki, pete inatoa kama saa 3 na dakika 20 usiku. Saa rasmi ni 3 kamili. Wanafurahi, vimekaribiana. Tunakwenda China. Beijing, digrii 116, pete iko karibu na saa 1 na dakika 44 usiku, rasmi ni saa 2. Bado sawa. Kisha namwomba mtu apeleke kidole magharibi kabisa mwa nchi hiyohiyo, hadi Kashgar, digrii 76. Pete inasema saa 11 jioni na kidogo. Saa rasmi ni 2 usiku, kwa kuwa China yote inatumia saa za Beijing tangu 1949, ingawa upana wake ungetosha kanda 5. Kutoka hapo sogeza kidole kidogo tu uvuke mpaka kuingia Afghanistan, na saa inarudi nyuma kwa saa 3 na nusu kwa mkupuo. Darasa linachangamka. Hakuna jua lolote linaloweza kufanya hivyo, na wanalijua, maana tochi bado iko pale mezani.

India inawapa raha ya namna nyingine. Wengi hudhani ile nusu saa ya India, yaani saa 5 na dakika 30 mbele ya Greenwich, ni kituko. Wape longitudo ya 82.5 wazidishe kwa dakika 4: wanapata dakika 330, nayo ni saa 5 na nusu kamili. India imechagua longitudo moja ya katikati ya nchi na kuitumia kwa wote. Nepal nao wakatumia digrii 86.25, ndiyo maana wako saa 5 na dakika 45 mbele. Hesabu ileile ya digrii na dakika, ila safari hii mwanafunzi anaona ni uamuzi wa nchi. Uhispania inawapeleka upande mwingine: Madrid iko magharibi kidogo mwa Greenwich, lakini tangu 1940 saa zake zinakwenda na za Ulaya ya kati, kwa hiyo wakati wa baridi saa ya ukutani inasema 7 mchana, jua likiwa bado halijafika utosini.

Kijitabu kina kosa jingine ambalo nimeliona hata sehemu nyingine nyingi. Kinasema kanda za saa zilianzishwa kwenye mkutano wa Washington wa 1884. Mkutano ule ulikusanya nchi 25, na 22 kati yake zilipiga kura Greenwich iwe ndiyo longitudo ya kuanzia kuhesabu. Kanda zenyewe haukuzipanga. Kila nchi iliachiwa mambo yake. Reli za Marekani na Kanada zilikuwa zimeshaanza kutumia kanda zao mwaka mmoja kabla, tarehe 18 Novemba 1883, kwa sababu treni haziwezi kupangiwa ratiba wakati kila mji unafuata jua lake. Ufaransa, ambayo haikupiga kura ya kuiunga mkono wala kuipinga Greenwich, ilikuja kuifuata mwaka 1911. Nawapa wanafunzi historia hii kwa sababu inawaonyesha kwamba saa wanazozisoma ukutani zilijadiliwa na watu, na hadi leo zinabadilishwa na watu.

Na kubadilishwa kweli zinabadilishwa. Rudi Stockholm na Cape Town. Jua lao ni moja, ila Uswidi iko saa 1 mbele ya Greenwich na Afrika Kusini saa 2. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Machi, Uswidi inasogeza saa mbele, Afrika Kusini haigusi chochote, na miji hiyo miwili inakuwa na saa ileile mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hali kadhalika London na New York: karibu mwaka mzima ni saa 5 kati yao, lakini Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, kabla ya Ulaya, kwa hiyo kuna majuma machache ambayo tofauti ni saa 4. Pete haiwezi kukwambia hayo na wala siilaumu. Ila watengenezaji wangeweka ukurasa mmoja tu kijitabuni kusema wazi kifaa chao kinaishia wapi.

Sehemu ambayo naililia zaidi ni tarehe. Pete ina saa 24 na haina siku. Ukishafika kwenye 24, je, hiyo ni saa 6 usiku ya kuamkia siku gani? Hapa nimelazimika kujitengenezea nyongeza: vipande viwili vya karatasi vyenye rangi tofauti, kimoja "Jumatatu", kingine "Jumanne", na uzi mwembamba niliourefusha kutoka kwenye namba 24 ya pete kushuka chini hadi kusini. Huo uzi ni mstari wa saa 6 usiku. Nawaambia wanafunzi kwamba tarehe zinatenganishwa na mistari miwili. Mmoja ni huu uzi, ambao hausimami, unahama kuelekea magharibi saa zote. Mwingine ni Mstari wa Tarehe wa Kimataifa, ambao umetulia kwenye bahari ya Pasifiki karibu na digrii 180.

Weka 12 kwenye Greenwich: uzi unalala juu ya digrii 180, mistari miwili imekutana, na kwa hesabu ya jua dunia yote ni Jumatatu. Sasa uhamishe uzi digrii 15 kuelekea magharibi, ufike 165 mashariki. Kati yake na mstari wa tarehe kumezaliwa kipande chembamba cha Jumanne. Uhamishe tena, kipande kinapanuka. Kinaimeza Asia, kinafika Afrika na Ulaya, kinavuka Atlantiki, mpaka uzi unarudi ulikoanzia na Jumatatu imekwisha duniani. Kwenye ikweta ya tufe hili kila saa ni karibu sentimita 4, kwa hiyo wanapima kwa rula. Nimewahi kuwa na mwanafunzi, msichana mkimya wa kiti cha mbele, aliyeomba aurudie mzunguko huo peke yake baada ya kipindi, taratibu, akitaja miji mmoja mmoja Jumanne inapoufikia. Nilimwachia funguo za chumba.

Ukishafika hapo, simulizi ya safari ya baharia Magellan ya kuizunguka dunia inaeleweka bila shida. Mabaharia waliobaki waliizunguka dunia wakielekea magharibi, na walipofika visiwa vya Cabo Verde mwezi Julai 1522 wakaambiwa leo ni Alhamisi. Kumbukumbu zao, alizoziandika kwa uangalifu mwenzao Antonio Pigafetta, zilisema Jumatano. Peleka kidole magharibi kuizunguka dunia, kila digrii 15 ukitoa saa moja, na utaiona ile siku ilikopotelea.

Sasa malalamiko yangu ya uchapaji, ambayo ni mazito. Tufe niliuziwa likiwa jipya, plastiki haijafunguliwa, lakini mstari wa tarehe uliochorwa ni wa zamani. Samoa, nchi ya visiwa vya Pasifiki, imewekwa upande mmoja na jirani yake, Samoa ya Marekani. Samoa ilihama: ilitoka Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ikaingia Jumamosi tarehe 31, Ijumaa ikarukwa. Leo saa za ukutani za Samoa mbili hizi zinafanana kabisa, zinachopishana ni siku nzima. Huo ni mfano mzuri kupita kiasi, na kifaa kilichotengenezwa kufundishia saa kimeukosa. Kiribati, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, angalau wameipatia: mstari umepinda mbali kuelekea mashariki kuvizunguka visiwa vya Line, kama ulivyo tangu 1995, na hapo ndipo penye saa 14 mbele ya Greenwich. Kwa sababu ya mpindo huo kuna muda kila siku ambapo dunia ina tarehe tatu. Greenwich ikiwa saa 4:30 asubuhi Jumanne, Kiritimati, kimojawapo cha visiwa hivyo vya Line, ni saa 6:30 usiku na Jumatano imeshaingia, na Samoa ya Marekani ni saa 5:30 usiku, bado Jumatatu. Hesabu hiyo nawapa kama kazi ya nyumbani na hurudi wakiwa wamegombana nayo vizuri.

Kuhusu uimara: tufe zima, pete imelegea. Baada ya kushikwa na mikono mingi inateleza yenyewe wakati unazungusha, na usomaji unakosea kwa digrii kadhaa. Kipande kidogo cha utepe wa gundi chini yake kimesaidia. Namba nazo ni ndogo, wa nyuma hawazioni, hivyo nimekata pete kubwa ya karatasi ya manila na kuivalisha juu ya ile ya kiwanda. Mistari ya longitudo imechorwa kila digrii 15, jambo ambalo nawashukuru nalo, kwa kuwa matufe mengi huchora kila digrii 10 na kumpa mwanafunzi kazi isiyo ya lazima.

Kuna walimu watakaosema simu inatosha. Simu naitumia, tena kila kipindi cha pili. Saa ya dunia kwenye simu inazijua sheria za nchi, kwani nyuma yake kuna kumbukumbu za kanda za saa zinazosasishwa kila serikali inapobadilisha mambo, na ndiyo maana inakuuliza jina la mji badala ya longitudo. Ikitokea simu na pete vimepingana, simu ndiyo itakayokufikisha kwenye mkutano kwa wakati. Lakini anza na pete. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye simu ana orodha ya miji na namba. Aliyeanzia kwenye tochi anaweza kukisia saa ya mji ambao hajawahi kuusikia, akipewa longitudo tu, kisha akauliza kwa nini sheria ya huko imetofautiana na jua.

Kwa mwalimu mwenye chumba kinachoweza kutiwa giza na vipindi visivyopungua viwili, nalipendekeza tufe hili kwa moyo wote. Kwa mwenye kipindi kimoja na darasa kubwa, achukue mpira wowote mweupe, achore longitudo 24 kwa kalamu ya wino na atumie tochi. Atapata sehemu kubwa ya faida. Anayelinunua alifungue boksi kabla ya kuondoka dukani. Azungushe tufe mara moja aone kama pete inateleza, kisha aitafute Samoa kusini mwa ikweta, karibu na digrii 172 magharibi. Mstari wa tarehe ukiwa umepita magharibi yake, ramani hiyo ni ya kabla ya 2011. Alirudishe aulizie toleo jipya.